Platt Rogers Spencer: Mwalimu wa Hati Aliyeanzia Mchangani

Wahenga walinena kwamba penye nia pana njia. Katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya viongozi, waandishi na wanariadha. Mimi mwaka huu nimeamua kuwasimulia habari za mwalimu wa hati. Jina lake ni Platt Rogers Spencer. Huko kwao Marekani, katika karne ya 19, alivuma sana hata hati yenyewe ikaitwa kwa jina lake.

Kwetu jina lake halijulikani sana, ila kazi yake tunaipita kila siku. Hebu tazama jina la Coca-Cola lilivyochorwa kwenye ukuta wa duka. Herufi zimelalia upande wa kulia, zimeshikana mikono, na ile C ya kwanza ina mkia mrefu unaopita chini ya wenzake. Hiyo ni hati ya Spencer. Yeye mwenyewe hakuichora, wala hakuionja soda hiyo hata siku moja, maana alifariki miaka 22 kabla haijatengenezwa. Basi ilikuwaje hati ya mtu ikaendelea kuishi baada ya mwenyewe kuzikwa? Tegeni sikio niwaeleze.

Spencer alizaliwa tarehe 7 Novemba 1800 huko East Fishkill, katika jimbo la New York. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba yenye watoto wengi. Babake, mzee Caleb Spencer, aliaga dunia mwaka wa 1806, naye mtoto akaachwa yatima akiwa na umri wa miaka mitano au sita tu. Mwaka wa 1810 mama mjane aliwachukua wanawe wakahamia magharibi, hadi Jefferson katika kaunti ya Ashtabula, jimbo la Ohio. Ohio ya wakati huo ilikuwa msitu mtupu. Ilikuwa imetangazwa kuwa jimbo miaka saba tu iliyotangulia. Watu walikuwa wakikata miti ndipo wapate mahali pa kulima, na nyumba zilijengwa kwa magogo.

Sasa, katika pori kama hilo karatasi ingetoka wapi? Karatasi ilikuwa ghali, tena ilitoka mbali. Inasimuliwa kwamba Spencer alipokuwa mtoto wa miaka saba hivi, kabla hawajahamia Ohio, alikuwa na senti moja tu maishani mwake. Badala ya kununua kitu cha kutafuna, alimpa mchukuzi wa mbao aliyekuwa akienda mjini amnunulie karatasi moja. Mzee yule alirudi usiku, mtoto akiwa amekwisha kulala. Spencer akaamka, akawasha taa, akaanza kuandika. Hiyo ndiyo karatasi yake ya kwanza.

Karatasi ilipokosekana, kila kitu kilikuwa daftari lake. Aliandika juu ya theluji. Aliandika juu ya barafu, magome ya miti na mchanga wa ufuo wa Ziwa Erie. Hata vipande vya ngozi katika karakana ya fundi viatu havikusalimika. Mtu mwingine angesema ni uchizi. Lakini mimi nikifikiria naona kwamba umaskini huo ndio uliomfunza. Ukiandika mchangani kwa kijiti huwezi kuandika kwa vidole peke yake kama tunavyofanya na biro. Inakubidi uuzungushe mkono wote kuanzia begani. Tena mchanga haukuwekei akiba. Wimbi likija linafuta, nawe unaanza upya. Kwa hivyo alirudia na kurudia mpaka mkono ukazoea.

Hamu yake ya elimu haikuwa ya hati pekee. Inasimuliwa pia kwamba alitembea maili 20 bila viatu kwenda kuazima kitabu cha hesabu. Jamani, maili 20 ni kama kilomita 32! Sisi tukiambiwa twende maktaba iliyo karibu na uwanja wa mpira tunasema jua ni kali.

Mwaka wa 1815, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alifundisha darasa lake la kwanza la hati. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja! Baadaye alifanya kazi ya ukarani na kutunza vitabu vya hesabu katika maduka. Alisoma pia sheria na Kilatini, na alikuwa na nia ya kwenda chuoni asomee kazi ya uchungaji.

Lakini safari ya maisha haikosi mashimo. Kijana Spencer alianza kunywa pombe. Katika siku zile pombe ilikuwa kila mahali: dukani, kwenye mavuno, hata kwenye mikutano ya heshima. Ilimnasa kama ndege kwenye ulimbo. Ndoto ya uchungaji ikafifia, naye akawa mtu wa kuhangaika huku na huku, akifundisha hapa na kuacha pale. Mkono uliotetemeka kwa pombe ungewezaje kuchora mstari mwembamba kama unywele? Mnamo 1828 alimwoa Bi. Persis Duty, lakini hata baada ya ndoa vita hivyo havikwisha upesi. Ilipofika mwaka wa 1832 alikata shauri kuacha pombe kabisa, si kupunguza. Hakurudi nyuma tena. Zaidi ya hayo, alisimama mbele za watu akahubiri dhidi ya ulevi katika sehemu zile za Ohio wakati ambapo jambo hilo lilichekwa.

Kwangu mimi hiki ndicho kipande kikubwa katika maisha yake. Kama angaliendelea kunywa, leo nisingekuwa na la kuandika. Tunaosoma hapa tunawajua watu mitaani kwetu waliokuwa na vipawa vya ajabu, mafundi na hata walimu, na chupa ikawameza. Spencer alikuwa na umri wa miaka 31 au 32 alipogeuka. Karibu kila kitu kilichomfanya ajulikane alikifanya baada ya hapo.

Watu wa kaunti yake walimwona amebadilika wakamwamini na mali yao. Walimchagua kuwa mhazini wa kaunti ya Ashtabula, kazi aliyoifanya kwa miaka 12. Pamoja na hayo alikuwa adui wa utumwa. Kumbuka kwamba wakati huo mamilioni ya watu weusi walikuwa watumwa katika majimbo ya kusini mwa Marekani, wakinunuliwa na kuuzwa kama mbuzi. Spencer alikuwa miongoni mwa weupe waliosema wazi kwamba jambo hilo ni dhambi. Kinachouma ni kwamba hakuuona mwisho wake. Alifariki vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na sheria iliyofuta utumwa katika nchi nzima ilipitishwa Desemba 1865, baada ya kifo chake.

Sasa tuje kwenye hati yenyewe. Kabla ya Spencer, wenye elimu Marekani waliandika kwa hati ya mviringo iliyotoka Uingereza. Ilikuwa nzuri lakini nzito na ya polepole. Nchi nayo ilikuwa inakua mbio. Maduka, mabenki, meli na reli vyote vilihitaji barua, risiti na vitabu vya hesabu, na kila neno liliandikwa kwa mkono. Hakukuwa na taipureta. Karani mwenye hati mbaya au mwendo wa kinyonga alikuwa hasara kwa mwajiri wake. Kilichotakiwa ni hati inayosomeka, inayokimbia, na tena inayopendeza macho.

Spencer aliitafuta hati hiyo katika maumbile. Alitazama mawe laini ya ufuoni ambayo maji yameyasugua yakawa kama mayai. Akatazama mawimbi ya Ziwa Erie yanavyoinuka na kushuka bila kukatika, na matete yanavyoinama upepo ukivuma. Kutokana na hayo akafanya umbo la yai kuwa msingi wa herufi zake, na wimbi likawa uzi wa kuziunganisha. Wanawe walipokuja kuyaweka mafunzo yake kitabuni walihesabu misingi saba tu: mstari ulionyooka, mkunjo wa kulia, mkunjo wa kushoto, kitanzi kirefu, yai, yai lililogeuzwa, na shina la herufi kubwa. Mwanafunzi akishika hiyo saba, herufi zote zimo mkononi mwake. Hata mlalo wa herufi ulipimwa: nyuzi 52 kutoka kwenye mstari wa chini. Wenzangu mnaopenda hisabati, chukueni kipimapembe mwone.

Pengine unajiuliza ule unene na wembamba wa mistari hutoka wapi. Siri iko kwenye kalamu. Kalamu ya kuchovya ina ncha iliyopasuliwa katikati. Ukiikandamiza unaposhuka, ile pande mbili za ncha hutanuka na wino ukamwagika zaidi, mstari ukawa mnene. Ukipanda huku umeilegeza, ncha hujifunga, mstari ukawa mwembamba. Biro haifanyi hivyo hata uibonyeze mpaka karatasi itoboke. Spencer hakupenda unene kila mahali. Aliuweka pachache, kama chumvi kwenye mchuzi, ili mkono usichelewe. Tena alifundisha kuandika kwa mwendo wa mkono mzima, vidole vikisaidia tu, ili karani aandike tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoka.

Shule yake iliyojulikana zaidi haikuwa jumba la kifahari. Ilikuwa nyumba ya magogo katika shamba lake huko Geneva, Ohio, nayo iliitwa Jericho. Wanafunzi walitoka majimbo ya mbali kuja kwenye kibanda hicho. Wengi wao wakaenda kuwa walimu wa hati, kwa hiyo mwanafunzi mmoja akazaa mia. Mwaka wa 1848, akishirikiana na Victor M. Rice, alichapisha vielelezo vya hati yake ili hata asiyeweza kufika Ohio aweze kujifunza kwa kuiga. Vielelezo hivyo vililenga wafanyabiashara na pia wanawake, jambo ambalo si dogo kwa zama zile. Halafu wakaja Bryant na Stratton, waliofungua vyuo vya biashara katika miji mingi ya Marekani, na hati ya Spencer ikawa ndiyo hati ya vyuo hivyo. Spencer alifundisha pia katika chuo cha Hiram, ambako alifanya urafiki na James Garfield, kijana aliyekuwa mkuu wa chuo hicho. Garfield huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa 20 wa Marekani.

Uzee haukumpa raha nyingi. Mkewe Persis, waliyekuwa wamezaa naye watoto wengi, aliaga dunia mwaka wa 1862, na pigo hilo lilimwelemea. Bado alifunga safari akaenda kufundisha New York. Mnamo tarehe 16 Mei 1864 hayati Spencer alifariki huko Geneva akiwa na umri wa miaka 63, akazikwa huko huko.

Watu wengine wakifa kazi yao hufa. Ya Spencer haikufa, kwa sababu alikuwa amewafunza wanawe. Watano kati yao wakawa walimu wa hati, na mmoja wao, Lyman, alisifiwa kwa ustadi wa kuchora kwa kalamu kuliko wote. Mwaka wa 1866 wana hao walitoa kitabu kilichoeleza mafunzo ya baba yao hatua kwa hatua. Vitabu vyao vya mazoezi vikaenea katika shule za Marekani, na watoto wa kizazi kizima wakaandika wakifuata mkono wa yule yatima wa Ashtabula.

Mmoja wa watu wa kizazi hicho alikuwa Frank Robinson, mtunza hesabu huko Atlanta. Mnamo 1886 John Pemberton alipotengeneza kinywaji chake kipya, Robinson ndiye aliyekipa jina Coca-Cola, naye akaliandika kwa hati aliyoizoea ya vitabu vya hesabu. Hati ya kawaida ya karani ikawa alama inayojulikana dunia nzima. Alama ya magari ya Ford nayo ni ya ukoo huo huo.

Lakini hapo hapo mambo yalikuwa yanageuka. Taipureta ilianza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka wa 1874. Ofisi zikaanza kupiga barua kwa mashine, na karani mwenye hati nzuri akapoteza thamani yake taratibu. Kisha, mnamo miaka ya 1890, mwalimu mwingine aitwaye Palmer akaleta hati rahisi zaidi, isiyo na unene wala madoido, kwa watu wenye haraka. Shule zikamhama Spencer zikamfuata Palmer. Dunia ni mzunguko: ile haraka iliyomwinua Spencer ndiyo iliyomshusha.

Hata hivyo hati ya mtindo huu ilipata makao mengine, yaani katika chapa. Wachapaji walikuwa wamekwisha kujaribu kuiga hati ya mkono kwa herufi za risasi tangu zamani, na kazi hiyo si mchezo. Katika chapa ya risasi kila herufi ni kipande chake. Ili herufi zionekane zimeshikana, mkia wa kila moja lazima uishie pembeni kabisa mwa kipande, kwa kimo kile kile ambapo inayofuata inaanzia. Ukikosea kwa unene wa unywele, neno zima linaonekana limekatika kama kamba mbovu. Tena herufi zilizolala huning'inia nje ya vipande vyao na huvunjika kwa urahisi. Kwa sababu hiyo chapa za namna hii hazikutumika kwa kitabu kizima. Ziliwekwa kwenye kadi za mwaliko, vyeti na vichwa vya barua. Siku hizi kompyuta huunganisha herufi hizo bila risasi wala kuvunjika, lakini kazi yake imebaki ile ile ya heshima na mapambo.

Na kuna kanuni moja ambayo waandishi wa mabango hapa kwetu wangefaa kuijua. Katika hati hii herufi kubwa ni bibi arusi, na herufi ndogo ni wapambe wake. Herufi kubwa ina vitanzi na mikia yake ya kujionyesha, na haikuumbwa kushikana na kubwa nyingine. Ukiandika neno zima kwa herufi kubwa za hati hii, mabibi arusi wanakanyagana, na msomaji haambulii kitu. Kubwa moja mwanzoni, ndogo zifuate kwa adabu.

Wanafunzi wenzangu, nimemweleza mtu huyu kwa sababu kuna wanaosema hati haina maana tena, eti kompyuta na simu zitaandika kila kitu. Nakubali kwamba Spencer mwenyewe alishindwa na mashine. Lakini mimi na wewe bado tunaufanya mtihani wa taifa kwa kalamu, na mtahini hatatuona sura. Ataiona hati yetu tu. Hati nadhifu ni adabu kwa anayesoma. Spencer hakuwafunza makarani waringe. Aliwafunza waandike kitu ambacho mtu mwingine atakisoma bila taabu na afurahi.

Tena tusikumbuke hati peke yake. Tukumbuke kwamba alikuwa yatima, hakuwa na karatasi, akaanguka kwenye ulevi, akainuka, na alipoinuka hakujifikiria peke yake bali aliwasemea walevi na watumwa pia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini huyu alikubali kwamba ameshindwa na pombe, ndipo akaishinda. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Nasi tulio hai tunoe kalamu zetu, kwani kazi ingalipo.